Kamera Nyuma ya Fulwe

Kalenga alilipiga bati la mashine kwa kiganja, pigo moja, na mashine ikasimama. Nyuma yake wanawake watatu walikuwa wameinama, wanaokota mawe na kuyatia kwenye mabeseni yao.

"Bamama, mutoke! Fulwe inarudia nyuma!"

"Turudie wapi tena, Papa Rétro? Hapa njo kwetu," alijibu Mama Adolphine bila hata kuinua kichwa. Alikuwa amejifunga kitambaa masikioni kwa ajili ya vumbi, kwa hiyo aliongea kwa kupayuka, kama watu wote wa kiwanja kile cha kokoto, huku Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi.

"Murudie kwa babwana zenu, mumuache muzee atumike kazi!" Djo alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake. Djo ndiye dereva.

Fulwe, yaani kobe, ni jina walilolipa mashine ndogo ya kupakia mawe, inayotambaa kwa mikanda miwili ya mpira badala ya magurudumu. Mbele ina kijiko kikubwa, na nyuma ya dereva pana injini iliyojaa hadi mabegani, hata ageuze shingo vipi haoni kitu kilicho chini karibu naye. Basi Kalenga ndiye alikuwa macho ya nyuma. Pigo moja, simama. Mapigo mawili, rudi. Kazi yenyewe haikuwa na jina, ndiyo maana walimwita Rétro, kile kioo cha gari cha kutazamia nyuma.

Na watu nyuma hawakosekani. Sheria ya kiwanja, ambayo hakuna bosi aliyeiandika wala aliyethubutu kuifuta, inasema jiwe likianguka nyuma ya mashine ni la wamama. Huliokota, huligonga kwa nyundo hadi liwe kokoto, huliuza barabarani. Kwa hiyo Fulwe ikisogea tu, wao wako nyuma yake. Utawafukuza leo, kesho watoto wao watalia njaa, na keshokutwa watarudi. Nani awalaumu?

Asubuhi ile bosi, Muhindo, alifika na kiboksi cha katoni chini ya kwapa, na fundi umeme wa magari aitwaye Clovis akimfuata na begi la vyuma. Muhindo alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, muuzaji wa jumla. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza, maghala yake ya kule yalivunjwa, benki ikafungwa, na ndugu zake waliokimbia vita wakajaa nyumbani kwake huku Lubumbashi hadi barazani. Kilichobaki mkononi ni kiwanja hiki na Fulwe. Alikonda mtu yule, jamani, hata koti lilimning'inia.

"Papa Kalenga," alisema huku akiangalia mawe, "utamusaidia Clovis. Ni kamera ya Bachina, ya bei kidogo. Weye njo unajua ku nyuma yote."

"Na miye, patron?"

"Tutaonana mangaribi." Akaupapasa mfuko wa koti lake, akaondoka haraka.

Akufukuzaye hakwambii toka. Kalenga alielewa palepale. Mfuko ule ulikuwa na bahasha ya mshahara wake wa mwisho. Ana umri gani wa kwenda kuomba kazi? Na kuombea wapi, wakati vijana wenye diploma wanauza vocha za simu kando ya barabara?

Lakini alishika vyuma. Clovis alizima mashine, akafungua mlango wa injini, akapitisha waya karibu na bawaba, akiuacha ulegee ili mlango ukifunguliwa usikatike. Kalenga alikata vipande vya chambre à air kuukuu, ule mpira wa ndani wa gurudumu, wavizungushie waya pale unapokwaruza chuma. Kisha Clovis akaweka penseli chini ya wavu wa radieta, akachora alama ya tundu.

Kalenga aliitazama alama ile. Pale ndipo injini inapopumulia. Kamera ikikaa pale, jua likiwa kali na injini ikichemka, itaiva kama muhogo, na kwa siku chache tu kioo kitakuwa cheupe. Muhindo ataitupa. Na nani atarudi nyuma ya Fulwe? Yeye. Anyamaze tu, basi! Kunyamaza si wizi.

Mama Adolphine alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anagonga jiwe lake, anaimba wimbo wa kanisa akikosea sauti, mgongo ameipa Fulwe.

"Pale itaungua," Kalenga alisema. "Weka ku yulu, chini ya ukingo. Na uipe kofia kidogo ya bati, mawe isiipige."

"Aksanti, papa. Ningeharibu kintu ya bantu."

Kalenga alikasirikia mdomo wake mwenyewe asubuhi nzima.

Walipowasha, picha ilitokea kwenye kioo kidogo walichokifunga kwa skrubu kando ya goti la Djo. Ila mkono wa kushoto ulionekana kulia. Clovis akacheka, akakata kijiwaya chembamba kilichokuwa kimejikunja kwenye mkia wa kamera, na picha ikageuka sawasawa.

"Heee!" Djo alipayuka. "Minamuona Mama Adolphine mupaka meno!"

Wamama wakaja wote kujionyesha. Mmoja alicheza. Adolphine alirekebisha kitambaa chake, akaiuliza kamera kama imekwisha kula. Walicheka hadi kukohoa vumbi. Kalenga alisimama pembeni, mikono haina kazi. Mashine ilirudi nyuma, ikasimama, ikarudi tena, na hakuna aliyelipiga bati. Ilikuwa kazi safi, na iliuma.

Mchana, teksi ilisimama getini. Walishuka wanaume wawili waliosema wanatoka idara ya usalama. Walitaja herufi tu za idara yao, na karatasi hawakuonyesha. Sijui nani aliwapelekea habari, maana Lubumbashi siku zile kila ukuta ulikuwa na sikio. Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Nani mwenye kuweka kamera hapa?" aliuliza mnene.

"Ni miye, shefu," Muhindo alijibu. "Ya kulinda bantu."

"Weye wa Goma, unalinda bantu wa Katanga na kamera. Mapicha inatuma wapi?"

"Haitume fasi. Iko na waya."

"Waya inaenda wapi?"

"Ku écran, ile kioo kidogo."

"Kisha?"

"Kisha ku macho ya Djo, shefu."

Mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo haraka.

"Ile njia ku nyuma," mnene alisema bila kucheka, "inaenda ku camp ya jeshi, ya basoda. Vita iko, na weye unafilma njia ya basoda!"

Mwembamba alimvuta Kalenga kando, hadi nyuma ya lundo la mchanga. Alinong'ona kama mkwe. "Muzee, tunasikia huyu anakufukuza ku kazi juu ya hii kamera. Sema tu ulimuona anaelekeza ku njia. Tutamubeba. Weye utabakia na kazi yako."

Kalenga alimtazama Muhindo aliyesimama kwenye jua, jasho linamtiririka, kofia mkononi. Alitamani. Tuseme ukweli, alitamani sana. Mtu huyu alikuwa amemtupa bila hata kumtazama usoni.

"Inaonaka mawe tu," alisema. "Mawe na bamama."

"Uko mujinga, muzee."

"Njo vile."

Waliing'oa kamera kwa mikono, waya zikakatika zinaning'inia. Hata kioo cha Djo walikibeba. Kisha wakamshika Muhindo mkono kumwelekeza kwenye teksi, na yeye akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha. Mnene hakuifungua. Aliipima tu kwa vidole, wakaondoka.

"Papa Kalenga," Muhindo alisema, sauti imekauka, "ile ilikuwa yako."

"Minajua."

"Kesho ukuje. Rudilia nafasi yako. Nitakulipa vita ikiisha."

"Vita ya nani, patron? Miye sikuianzisha."

Kalenga alichukua mfuko wake kwenye msumari, akaenda zake. Nyuma yake kulikuwa na lori linalongoja kujazwa, na mwenye lori anapiga honi.

"Djo, jaza camion!"

"Patron, nani ataangaria ku nyuma?"

"Geuza shingo!"

Djo ana watoto wa kulisha. Akawasha.

Kalenga alifika getini. Alisikia mikanda ikisaga changarawe, mlio wa kurudi nyuma, anaoujua kama kikohozi cha mke wake. Aligeuka. Mawe yalikuwa yamemwagika kutoka kwenye kijiko Fulwe ilipogeuka, yakabaki nyuma yake, na wamama walikuwa wamekwisha kuyaangukia. Adolphine, kitambaa masikioni, aliipa mashine mgongo.

Kalenga alitukana kwa Kiluba, tusi zima, kwa sauti. Akaangusha mfuko wake pale pale, akakimbia kwa magoti yake mabovu, akalipiga bati mara moja. Fulwe ikasimama.

"Ulirudia, papa?" Djo aliuliza.

"Nyamaza. Bamama, mutoke!"

Muhindo alikuwa mlangoni mwa ofisi. Alimwona, akaingia ndani upesi na kufunga mlango, kama mwenye deni. Kalenga alingoja Adolphine anyanyue beseni lake, akapiga bati mara mbili, akamrudisha Djo polepole hadi kwenye lori.