Maji ya Moto kwa Watu Sita

Jumamosi ile, salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, ilipokwisha na kila mtu amerudisha jembe lake, fundi Sumaili alipanda juu ya paa la Mama Delphine, mtaani Kampemba, akiwa na bomba la shaba begani. Bomba lilikuwa limeshakunjwa mikunjo kumi na miwili na kuungwa kwa risasi kwenye bati lililopakwa rangi nyeusi. Alililaza ndani ya sanduku la mbao lililojazwa maranda, akafunika kwa vioo viwili. Vioo hivyo vilitoka kwenye duka la Mgiriki mmoja wa mjini. Serikali ilikuwa imemnyang'anya Mgiriki duka ikampa mwananchi mwenye beji ya Chama, na mwananchi huyo aliuza kwanza bidhaa, kisha rafu, kisha milango, na mwisho madirisha.

Sumaili alilielekeza sanduku kaskazini, ambako jua la Lubumbashi hukaa sehemu kubwa ya mwaka, akaliinamisha kidogo. Juu yake akasimamisha pipa lililozungushiwa magunia. Maji baridi yatashuka yenyewe, alieleza, na ya moto yatapanda yenyewe, bila pampu wala makaa. Waya wa umeme hakuutaja. Nyaya zilipita juu ya Kampemba miaka yote bila kusimama, kama treni ya wakubwa, zikienda kiwandani na mtaa wa Makomeno.

Huko Makomeno ndiko Mama Delphine alikoviona vitu hivi. Alikuwa akiwafulia nguo wakubwa wa Mulonde, kinu cha serikali cha kuyeyusha shaba, na juu ya nyumba zao kumi na moja Sumaili huyo huyo alikuwa amefunga masanduku ya kuchemsha maji kwa jua. Maji yalitoka bombani yakitoa moshi, mabibi wa wakubwa wakayaogea, na mfuaji wao akapewa ya baridi. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Kila mwezi wa sita, baridi ilipoanza, alishindwa hata kufunga kitenge chake mwenyewe.

Bomba moja lilibaki stoo baada ya mkubwa wa kumi na mbili kuhamishwa ghafla, na mabaki yalikuwa haki ya fundi. Sumaili, mtu wa asili ya Maniema, alitaka kama malipo afuliwe kanzu zake za Ijumaa mwaka mzima, pamoja na nguo za mkewe Asha na watoto. Mama Delphine alikubali. Alisema akifua kwa maji ya moto atamfulia hata na jirani zake.

Kwenye ncha ya bomba palikuwa na alama iliyopigwa kwa nyundo: Mulonde 68. Sumaili alimwonyesha. Shaba hii ilitoka hapa hapa, alisema, ikaenda Ulaya ikiwa tofali, ikarudi ikiwa bomba. Mama Delphine, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, aliipitishia kidole alama ile, kisha akamwambia ashuke, chakula kiko tayari.

Jumatatu saa kumi maji yalikuwa ya moto. Saa kumi na mbili, jua likiwa linaangukia nyuma ya bomba la moshi la kiwanda, wanaume sita walikuwa wamesimama uani, mbele ya kibanda cha kuogea, kwa mstari. Walikuwa weusi kwa masizi, nywele zimeungua, na nguo zao za kazi zilikuwa zimegandamana na ngozi. Walijipanga kwa kufuata namba zao za kazi, ndogo mbele. Wa tatu alikuwa Mumba, mume wa Mama Delphine.

"Jambo, Mama Delphine," alisema. "Banasema huku iko maji ya moto."

"Iko. Lakini pipa iko moja tu. Mutaoga kwa zamu."

Wakaoga kwa zamu. Aliwapa sabuni ya kufulia, kwa kuwa ya kuogea haikuwepo mjini tangu Pasaka. Maji yaliyotoka kibandani yalikuwa meusi, kisha ya kahawia, kisha ya kawaida. Walipokwisha walishukuru, wakakaa kidogo ukutani, na giza lilipoingia hawakuwepo. Jirani, Bibi Kapya, aliyekuwa akitwanga ng'ambo ya ua, aliuliza kesho watakuja saa ngapi ili yeye aanike nguo upande wa pili.

Miaka saba kabla ya hapo, chungu cha shaba iliyoyeyuka kilipinduka Mulonde, kikawamwagikia wanaume sita waliokuwa chini yake. Hakukubaki hata kifungo. Shaba ya siku ile ilimiminwa kwenye matofali kama shaba ya siku nyingine, kwa sababu treni ilikuwa inangoja. Kwa kuwa hakukuwa na maiti, ofisi iliandika kwamba watu hao sita wametoroka kazi na kuvuka kwenda Zambia. Wake zao walitolewa kwenye nyumba za kiwanda wiki hiyo hiyo, kwani mke wa mtoro hana haki ya bati la kampuni. Mnyonge hana haki, tunasema, halafu tunatingisha kichwa na kwenda zetu.

Mama Delphine hakulilia nyumba. Alililia kilio. Ngosa, mdogo wake Mumba, ambaye kwa desturi ndiye angekusanya ukoo, alimwambia hawezi kulala chini kumlilia mtu ambaye serikali inasema yuko Kitwe, huko Zambia, anakunywa pombe. Alete karatasi ya kifo. Bila kilio hakuna wa kumwosha mjane kwa maji ya majani ya dawa na kumvua kitambaa cheusi. Kwa hiyo kwa miaka saba Mama Delphine, yaani Marie-Thérèse Chileshe, ambaye Chama, kwa kupiga marufuku majina ya Kizungu, kilikuwa kimemfutia hata hilo jina la Marie-Thérèse, hakuwa mke wala mjane. Sokoni wanawake walimwuliza habari za Kitwe. Kitambaa cheusi alikifunga mwenyewe, na mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kukivua.

Sumaili alipokuja kuangalia kama bomba linavuja, aliwakuta wanaume wanaoga. Aliwasalimu, akagusa kiungo kimoja kimoja.

"Njo beye benyewe," alimwambia Mama Delphine, akigonga bomba. "Balikuwa mu tuyau. Jua inabatoa pole pole."

Mama Delphine alikuwa ameshajua tangu alipoiona ile alama. Alichokuwa akifikiria ni kitu kingine: kwamba sasa maiti ipo, nayo ina miguu ya kufika ofisini.

Hapa ndipo alipokosea, na kosa lake lilikuwa la kila mama wa Lubumbashi. Katika mji huu huendi mbele ya karani na mtu mchafu. Mtu anaweza kuwa hajala siku mbili, lakini shati lake litapigwa pasi. Kwa hiyo jioni ya Alhamisi alimtanguliza Mumba kuoga, akiwaomba radhi wale wawili wenye namba ndogo, akamsugua mwenyewe mgongo mpaka masizi yote yakatoka na ngozi ikang'aa kwa mafuta ya mawese. Alimnyoa nywele zilizoungua. Akamvika abacost ya kijivu, lile koti la Chama lisilovaliwa tai, aliyoiazima kwa Bibi Kapya, akafunga vifungo mpaka shingoni. Mumba aliuliza kama ni lazima. Mkewe alisema chef, mkubwa wa ofisi, hawezi kumsikiliza mtu anayenuka moshi, na kwamba asiondoke na giza kama kawaida yake, ajitahidi mpaka asubuhi. Alijitahidi. Alikaa kwenye kiti usiku kucha, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto, na asubuhi bado alikuwepo.

Walikwenda kwa miguu. Njiani watu walimsalimu.

Karani wa wafanyakazi alikuwa citoyen, yaani mwananchi, Kalaba, zamani akiitwa Alphonse, mtu safi mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliwapa viti, jambo ambalo hakuwafanyia wake sita waliokuja peke yao mwaka ule.

"Citoyenne, shida gani?"

"Bwana yangu alikufaka mu soixante-huit, kwenye chungu. Nakuya kutafuta karatasi."

"Bwana yako njo nani?"

"Njo huyu."

Kalaba alimtazama Mumba kuanzia viatu. Aliomba namba yake ya kazi, Mumba akaitaja bila kufikiri, na karani akaipata daftarini, mahali pake, imepigwa mstari mwekundu. Akaweka kidole hapo.

"Citoyenne, mufu havaake abacost."

Mama Delphine alimweleza yote, jinsi chungu kilivyopinduka na shaba ilivyopakiwa, na alama ya bomba. Kalaba alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Alisema hayo ya bomba anayaamini kabisa, hata baba yake mzazi humjia mara moja moja kuuliza habari za mbuzi wake. Lakini ofisi haiandiki mtu anavyojisikia. Kisha akamgeukia Mumba.

"Weye, ulikufa?"

"Ndiyo, chef."

"Chef wako wa kazi aliandika?"

"Hapana, chef."

"Basi," alisema Kalaba.

Alichukua fomu na kuijaza kwa mwandiko mzuri. Mfanyakazi huyu, aliandika, alitoroka mwaka wa sitini na nane, na leo amejileta mwenyewe, akiwa mzima na nadhifu. Kwa huruma ya Chama hatafungwa. Atarudi kwenye tanuru kuanzia Jumatatu, na atafidia miaka saba aliyokosa kabla ya kuzungumza habari ya mshahara. Mumba alitia kidole gumba. Karatasi iliungua kidogo pembeni, karani akaipuliza, akapiga muhuri, akampa Mama Delphine nakala. Chini palikuwa na neno moja la Kifaransa, présent, yaani yupo, limepigwa mstari mara mbili.

Nyumbani Mama Delphine alikaa na ile abacost mapajani kwake muda mrefu akiikunja na kuikunjua. Alilia, na hakuna sababu ya kuficha kwamba alimtukana Mungu kidogo. Kama angemchukua alivyokuja Jumatatu, na masizi yake na nguo zilizogandamana na ngozi, labda hata Kalaba angeandika amekufa. Alimpaka mafuta mwenyewe, kwa mikono yake, na mikono hiyo siku hiyo haikuwa ikiuma hata kidogo.

Mumba alianza kazi Jumatatu. Kumbe marehemu hufanya kazi vizuri. Hawali, hawaombi kwenda zahanati, na tanuru haiwatishi; joto lake huwashikilia, wasiondoke tena na giza. Wiki ya pili lori la Mulonde lilisimama uani wakati wa kuoga na kuwachukua wale watano wengine, ambao walipanda bila kubishana, kwa kufuata namba. Huko Makomeno mkubwa mmoja alimwita Sumaili na kumwuliza kwa upole kama stoo kuna mabomba mengine yenye alama ya mwaka ule, au ya miaka mingine yenye ajali. Sumaili alisema hajui. Tangu siku hiyo alikagua alama zote kabla ya kufunga chochote.

Ngosa alikuja na kuku mmoja kumpongeza shemeji yake. Mke ambaye mumewe huenda kazini kila asubuhi, alisema, kilio cha nini tena? Aliisoma ile karatasi kwa sauti, akaisoma tena, akasema yeye tangu zamani alijua kwamba kaka yake yuko Kitwe. Sokoni nako habari ilifika. Wale wale waliomwona Mumba akijiosha masizi ya kifo uani, akiwemo Bibi Kapya, sasa waliuliza alimletea zawadi gani kutoka Zambia. Karatasi ni karatasi. Macho ya mtu hayana muhuri.

Mwezi wa nane Sumaili alikuja na spana. Alikaa kwenye kinu cha kutwangia kilichopinduliwa akaongea akitazama chini. Angeweza kulifungua bomba siku hiyo hiyo, alisema, alipeleke mbali, Kasenga, alizamishe ndani ya mto Luapula, maji baridi yawalaze. Kanzu za mwaka angemsamehe. Ila wasipokuja kazini Jumatatu, ofisi itaandika wametoroka mara ya pili, na mara ya pili haina huruma ya Chama.

Mama Delphine alimwambia angoje, atamwuliza mwenyewe.

Jioni lori liliwashusha. Walikuwa weusi kama siku ya kwanza. Wakajipanga. Ilipofika zamu ya Mumba, mkewe aliingia naye kibandani akafungua maji, akamsugua mgongo. Masizi yalitoka upesi. Mabegani, pale palipobebwa mitalimbo ya chuma, palikuwa na alama mpya.

"Baba Delphine," alimwambia, "utapumuzika siku gani?"

Mumba alijimwagia maji kichwani. Alikuwa mtu wa kujibu kila kitu kama kilivyo, ndivyo alivyokuwa hata wakati wa uhai wake.

"Niliuliza ku bureau," alisema. "Banasema siku nitakufa."

Mama Delphine alimpa sabuni, akatoka, akamwambia fundi arudi nyumbani na spana yake. Asubuhi iliyofuata, akiwa bado amefunga kitambaa cheusi kichwani, alipanda ngazi na tambara na ndoo ndogo. Vumbi la kiwanda lilikuwa limetanda juu ya vioo. Akalifuta lote, kioo cha kwanza na cha pili, kwa sababu jioni wangerudi watu sita, na maji yalitakiwa yawe ya moto.