Mlangamia wa Sebuleni

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya mwalimu mkuu alipoona uzi wa njano umemzunguka mkononi. Akautafuta mwisho wake aukate. Ukampeleka mpaka kwenye kochi, kwenye kiwiko cha kaka yake.

Kaka alikuja kusalimia wakati wa mvua. Mvua ikakatika, vumbi likaanza, salamu bado hazijaisha.

"Kaka, hiki nini?"

"Mi nimelala, dada."

Fundi akachukua mkasi. Kaka akapiga ukelele, mama yao akatoka jikoni na mwiko.

"Unamkata mwenzio?"

"Mama, ananinyonya!"

"Kauzi tu! Wewe nawe, tangu utotoni huna dogo."

Kauzi kakapanda mpaka begani, kakazaa nyuzi nyingine. Fundi akinywa kahawa, kaka ndiye anakosa usingizi, tena analalamika. Fundi akawa mwembamba, sketi anaishikiza kwa pini. Kaka akanawiri, akachipua vijiua vyeupe nyuma ya masikio. Majirani walipopita walimsifia mama kwamba kijana amependeza.

Shida ilikuja Jumatatu. Fundi alikuwa amepata kazi mji mwingine, chumba cha ushonaji cha hoteli, pamoja na chumba chake mwenyewe chenye kitasa. Ufunguo alishatumiwa, anauvaa shingoni. Akabeba begi, akaaga. Nyuzi zikamfuata, zikavutika mpaka getini. Ndani, kaka akaanza kunyauka kuanzia vidoleni.

"Rudi! Unaniulia mtoto!" mama akalia.

Fundi akarudi. Daktari alisema hiyo si idara yake, wakamwita bwana shamba. Akavua kofia, akamgeuza kaka shingo, akanusa ua moja.

"Mlangamia huu."

"Mla ngamia?" Mama akashika kiuno. "Baba, heshima kidogo. Mwanangu hata kumwona ngamia hajawahi. Amle wapi?"

"Mlangamia, mama. Mmea. Unajisokota kwenye mimea mingine, unakula humo humo."

"Lakini ngamia hajala."

"Hajala."

"Haya. Endelea."

"Kuung'oa ni kazi bure. Kikibaki kipande, unaota tena. Dawa yake unaukata pamoja na mti ulioubeba."

Wote wakamtazama fundi.

"Mimi nina safari tu," fundi akasema. "Si mkate upande wa kule kwake?"

"Kule hakuna cha kukata," bwana shamba akasema. "Hana mizizi."

Mama akaketi. "Umesikia? Mwenzio hana mizizi, maskini! Unamwachaje mtu hana hata mizizi?"

"Mi sina neno," kaka akasema kutoka kwenye kochi. "Mtakavyoamua nyie."

Wakaamua. Bwana shamba akapewa chai, akaondoka. Hoteli ikachukua fundi mwingine, wakatuma mtu kufuata ufunguo. Cherehani ikasogezwa karibu na kochi ili nyuzi zisivutike.

Kiangazi kilipokolea, mama akatoka jikoni na jagi zima la maji, akamshikisha fundi kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Yote."

Fundi akamtazama. Hajaletewa kitu pale kwenye cherehani tangu aanze kushona. "Asante, mama."

"Maua ya kaka yako yanasinyaa."

Fundi akanywa. Kaka akajinyoosha kwenye kochi, akauliza kama hakuna ya baridi.