Wivu wa Mwanaasha

Miaka miwili kabla ya vita vya pili vya dunia, binti yake alipoposwa na kijana wa Magindu, Mwanaasha wa Kurui aligundua kwamba ana wivu, na jambo hilo lilimuudhi kupita kiasi. Zahoro, baba wa binti, angekuja harusini na mke wake mpya. Sasa hapo pana nini? Talaka aliidai Mwanaasha mwenyewe. Alikwenda kwa miguu hadi kwa liwali Kisarawe, akaipata, akarudi akiimba. Miaka minane imepita, naye hamtaki Zahoro hata kwa dawa.

Basi akawa anajihoji. Akipalilia mihogo, anajiuliza kama bado anampenda. Akichota maji, anajijibu kuwa hampendi. Akifika nyumbani anaanza upya: kama hampendi, roho inamuuma nini? Alisali, akajikaripia, akanywa hata mwarobaini. Hakupata kitu ila uchungu mdomoni.

Dada yake Mwanne ndiye aliyesikilizishwa hayo yote. Siku tatu kabla ya harusi, wakiwa wanakuna nazi, uvumilivu ulimwishia.

"Una wivu, Mwanaasha. Umeshajua. Mbona unauhoji kila siku kama shahidi barazani?"

"Nataka wivu uondoke."

"Na usipoondoka?"

Mwanaasha akakuna kwa hasira hadi akajikwaruza kidole. Usipoondoka, basi atakuwa mwanamke mwenye wivu anayepika pilau. Halikuwa jambo la kujivunia, lakini kwa mara ya kwanza alilitazama bila kubishana nalo, akaona linabebeka.

Siku ya harusi mke mpya, Mwanakheri, aliingia uani, mzuri kuliko Mwanaasha alivyohofia, akamwamkia kwa adabu na kuomba kazi. Moyo ukamchoma palepale. Haya, umekuja, Mwanaasha aliuambia wivu kimoyomoyo, kaa. Hakuuliza umetoka wapi. Akampa Mwanakheri ungo wa mchele auchambue.

Kulikuwa na saa mbaya. Zahoro alichungulia kumuuliza mkewe kama amekula, swali ambalo Mwanaasha hakuwahi kuulizwa katika ndoa yake yote. Liliuma sana. Aliliacha liume, akageuza pilau.

Baadaye Mwanakheri alimnong'oneza kwamba bwana yule anakoroma kama gari moshi.

"Mlaze kwa ubavu," Mwanaasha akamwambia, "ndiyo dawa yake."

Wakacheka mpaka Mwanne akageuka kuwatazama. Alasiri binti aliozwa. Mwanaasha alimlilia kama mama yeyote, na wivu ulikuwepo bado, ila hakuwa na nafasi ya kuushughulikia.