Tumbo Langu Lilitangulia Muheza

Jana mchana, baada ya kula, nilijilaza kidogo nikaota niko kwa Fundi Chande, fundi wangu wa nguo pale mjini Ngamiani, nimebeba sare ya harusi isiyofunga zipu.

Zipu hiyo haikuwa ndoto, na kosa lilikuwa langu. Mdogo wangu Mwanasha alikuwa anaolewa kesho yake huko Muheza, na ndugu wote wa kike tulipewa kitambaa kimoja. Fundi aliponyoosha futi yake anipime, nilimzuia. Nikamwambia atumie vipimo vyangu vilivyomo kwenye daftari lake, mimi sijabadilika. Vipimo hivyo ni vya kabla ya wanangu watatu. Gauni lilipokataa, nilimpigia Mwanasha nikamwambia naumwa, harusini siji. Niliona bora uongo kuliko picha.

Basi ndotoni fundi hayupo. Anayenipokea ni sanamu yake ya kuvalishia nguo, ile isiyo na kichwa.

"Shikamoo, Mama Shani," inasema, kupitia shingoni.

"Marahaba. Nataka nguo ya kunipunguza tumbo."

"Kupunguza hatuna. Tuna kurefusha na kuficha."

"Nianzie na kurefusha."

Inanipa gauni la mistari ya kusimama. Navaa, narefuka. Kichwa kinatoboa bati, naiona barabara yote ya Muheza mpaka kwenye michungwa. Jirani mmoja anaanika muhogo juu ya paa lake. Ananiuliza habari za nyumbani, namjibu nzuri. Nikitazama chini, tumbo nalo limerefuka.

"Sijapata faida," nailalamikia sanamu.

"Wengi husema hivyo. Vaa nyeusi. Nyeusi huficha."

Navaa nyeusi, narudi kimo changu, na tumbo halipo. Napapasa, nagusa kitambaa kitupu.

"Limefichwa wapi?"

"Sisi tunaficha tu, mama. Kutafuta si kazi yetu."

Kusema kweli nilifurahi. Nilijigeuza mbele ya kioo, kushoto, kulia, nikajiona msichana. Halafu nikafungua mlango nitoke dukani, nikajikuta chumbani kwa Mwanasha, Muheza, wanawake wamejaa, bibi harusi yuko mkekani amenyoosha mikono anapakwa hina.

Tumbo langu limekaa pembeni yake. Limejifunga kanga, linakula pilau. Shangazi Kibibi analiongezea nyama.

"Kula, mwanangu," analiambia. "Wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii."

Natoa salamu. Hakuna anayeitikia. Napunga mkono mbele ya uso wa shangazi, anaufukuza kama nzi. Hapo naelewa kwamba nyeusi ikishaanza kuficha haichagui kiungo. Imenificha mzima.

"Dada kasema anaumwa," Mwanasha analiambia tumbo.

"Haumwi," tumbo linasema, linachambua mfupa. "Kanenepa."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Yuko mjini anatafuta nguo."

Mwanasha anacheka hadi mpaka-hina anamwambia atulie. Kisha anaacha kucheka.

"Mama alipofariki nilikuwa na miezi saba," anasema. "Dada alikuwa na miaka kumi na sita. Nililala juu yako wewe mpaka nikaanza shule. Mimi sikualika kiuno."

Anaweka kiganja chake cha kulia juu ya tumbo, na hina bado mbichi. Mimi nimesimama mlangoni, nampenda yule mtoto, na sionekani.

Tumbo linageukia mlangoni. Lenyewe linaniona.

"Unakuja kunichukua, au nimwozeshe mimi?"

Nikalivua gauni jeusi palepale, mbele ya wakwe watarajiwa, nikabaki na shimizi. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi Kibibi akasogea kidogo kunipa nafasi, akauliza mbona nimechelewa. Nikalibeba tumbo langu, zito, la moto, limeshiba, nikalirudisha mahali pake. Lilikaa bila ubishi.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Alikuwa Mwanasha.

"Dada, unaendeleaje? Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa," nikasema. Uongo ukishauanza lazima uulishe.

"Mwenzio nimepata mkosi. Nimesinzia na hina mkononi, nimeamka kiganja cha kulia kitupu. Maua yote hayapo. Na shuka safi, dada, wala halina alama. Mpaka-hina amekasirika, anasema hajapata kuona."

Nikaketi kitandani. Nikainua kanga taratibu, kama mtu anayechungulia chungu cha mwenzake. Chini kidogo ya kitovu kulikuwa na maua ya hina, mabichi, yana harufu yake, na alama za vidole vitano zimekaa sawasawa.

Nikayagusa maua yale kwa ncha ya kidole.

"Dada?"

"Mwanasha, siumwi. Sare haifungi. Nina tumbo."

"Najua una tumbo. Nimelilalia."

"Nitakuja na dera."

"Njoo hata na shimizi."

Nikamwambia amzuie mpaka-hina, asimpake upya kile kiganja. Maua yake ninayo mimi, na ndiyo kwanza navaa viatu.