Makabati ya Mama Farah

Mimi ndiye mtoto wa habari hii, lakini sikumbuki hata kidogo. Nilikuwa sijatimiza miaka mitatu. Yote niliyapata kwa mama yangu, Eucabeth, ambaye alinisimulia mara nyingi, na kila mara akifika mahali fulani sauti yake ilishuka.

Mwaka wa 1956 tulikuwa tunakaa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, chumba kimoja na jiko la nje. Baba yangu, Dalmas, alifanya kazi kwenye gari la moshi la Kisumu; akiwa nyumbani siku mbili, yuko njiani siku tatu. Mvua za Aprili zilipoanza, mama alishikwa na kikohozi. Kufika Juni alikuwa anatema damu, na alimficha baba.

Kulikuwa na mama mmoja Msomali aliyepitisha maziwa landi kila asubuhi. Jina lake Khadijo, lakini watu walimwita Mama Farah, kwa jina la mwanawe wa pekee aliyekuwa ameoa na kuhamia Isiolo. Alikuwa mjane, mrefu, si wa maneno mengi. Yeye na mama yangu walijuana kwa chupa moja ya maziwa na salamu tu. Asubuhi hiyo baba alikuwa safarini. Khadijo alikuta mlango wetu wazi, mama ameketi sakafuni na kitambaa cha damu mkononi, na mimi nalia kando yake. Aliweka mtungi wa maziwa chini, akanifunga mgongoni kwa shuka lake, akamshika mama mkono, wakaenda hospitali pole pole wakipumzika njiani.

Daktari alisema ni kifua kikuu. Mama akapelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa kifua, mbali na Nakuru, akakaa huko miezi kumi na moja. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Baba hakuwa na mama wala dada wa kumwachia mtoto, na safari za reli hazingoji mtu. Khadijo akamwambia, "Mtoto ameshalala kwangu siku tatu. Mwache."

Mama alirudi Mei, mwaka uliofuata. Alikuwa amenona, amepona kabisa, na karatasi ya daktari mkobani. Baba alimpokea stesheni, na kabla hata ya kuweka mzigo nyumbani, mama akasema anataka kwenda mtaa wa Bondeni kwa Khadijo.

Hapa ndipo sauti yake ilikuwa inashuka.

Alinikuta nimekaa mlangoni nakula anjera, mkate mwembamba wa Kisomali. Akachuchumaa, akanyoosha mikono, akaniita, "Anyango." Nilimtazama, nikakimbilia ndani nikipiga kelele, "Hooyo! Hooyo!" Ndivyo Wasomali wanavyomwita mama. Nikajificha ndani ya nguo za Khadijo, na mama aliponichungulia tena nikalia mpaka nikatapika.

Mama alikuja na shukrani nyingi moyoni, alikuwa amezipanga kitandani usiku mwingi, na sasa hakuweza kutoa hata moja. Alisema tu, "Asante, Mama Farah," akatoka nje, akalia nyuma ya nyumba.

Siku zilizofuata alijaribu. Alipeleka kuku, Khadijo akamrudishia na maziwa juu yake. Alipeleka sweta aliyoifuma hospitalini, Khadijo akanivisha mimi. Baba alijaribu kunichukua kwa nguvu jioni moja. Nililia mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini, akanirudisha Bondeni gizani akiwa amenyong'onyea.

"Hataki kitu," mama alimwambia baba. "Nimshukuru na nini mtu asiyetaka kitu?"

Jibu alilipata jikoni kwa Khadijo, wakinywa chai. Marehemu mume wake, Ishak, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na alipojenga nyumba ile alimleta fundi amtengenezee mkewe makabati ya jikoni. Mawili yalisimama chini na droo zake, na moja refu lilitundikwa ukutani, milango minne. Yalikuwa mazuri kwa uimara, lakini yalikuwa mbao tupu. Hayakupakwa kitu, na kwa miaka kumi na miwili ya moshi na samli yalikuwa yamegeuka rangi ya chungu kikuukuu.

"Zamani nilikuwa napeleka samli Njoro," Khadijo alisema, "kwa bibi mmoja mzee wa Kizungu. Nyumba ndogo tu, ya nyasi juu. Napitia mlango wa nyuma. Mama Anyango, jiko lile! Makabati rangi ya krimu, pembeni kijani kibichi kama majani machanga. Vishikio vyeupe, vya udongo. Na kipazia cha maua madogo madogo chini ya meza. Ukiingia unasahau kama umetembea." Akacheka kidogo. "Nilimwambia Ishak. Akasema, ngoja niuze hawa ng'ombe. Basi akafa kabla hajawauza."

Mama aliweka kikombe chini. "Nitakupakia mimi."

"Wewe unajua rangi?"

"Nitajua."

Alikuwa amefuma sweta nyingine tisa hospitalini. Aliziuza sokoni, na kwa fedha hizo akanunua makopo mawili ya rangi ya mafuta, krimu na kijani, tapentaini, msasa na brashi mbili. Jirani yetu Masinde, Mbukusu aliyekuwa fundi wa rangi wa mabehewa ya reli, alikuja jioni moja kumwonyesha.

"Shemeji, sikiliza," Masinde alisema, akipitisha kidole kwenye mlango wa kabati na kumwonyesha jinsi kilivyong'aa. "Haya ni mafuta. Kwanza fungua milango yote na bisibisi. Osha na magadi na maji moto, mara mbili, hii ya juu ya jiko mara tatu. Iache ikauke. Piga msasa, fuata mbao inavyokwenda. Ziba matundu na puti. Ndipo upake, mkono wa kwanza, mwembamba. Ukauke siku nzima. Halafu wa pili. Ukikimbilia kupaka, rangi itakutoka."

Mama alielewa vizuri, lakini kila asubuhi akifika jikoni, mimi nilikuwa pale, nimeshika nguo za Khadijo, namtazama kama mgeni. Kwa akili yake, siku makabati yakiisha deni la shukrani limekwisha, na hapo angeweza kunichukua bila aibu. Kwa hiyo alikimbia. Milango ya chini aliiosha vizuri. Ile minne ya juu, iliyoshiba samli kuliko yote, aliipitishia kitambaa mara moja tu akapaka. Siku ya tatu jiko lote lilikuwa la krimu, linang'aa, na Khadijo alisimama mlangoni akiweka mkono kifuani.

Asubuhi ya nne mama alimkuta Khadijo amesimama mbele ya kabati la juu. Alikuwa ameufungua mlango kuchukua majani ya chai, na rangi ilikuwa imemtoka mkononi kama ganda la kitunguu. Vipande vilikuwa kwenye mtandio wake, na vingine vimeangukia maziwa.

Mama alijifunika uso. "Nimeharibu. Nimeharibu kitu cha mume wako."

Khadijo alitazama kiganja chake, akaanza kucheka. Mama alisema hakuwa amewahi kumsikia akicheka hivyo, kicheko cha tumbo. "Umenipaka mimi badala ya kabati," alisema. "Keti, tunywe chai. Halafu tuanze upya, na safari hii usikimbie. Unakimbilia wapi?"

Wakaanza upya. Masinde alipoona hakumgombeza, ila alileta kikwangulio chake cha kazini. Mama na Khadijo walikwangua milango minne uani, wameketi juu ya magunia, maji ya magadi yanawauma vidole. Wakaanza kuzungumza, maana kazi ya kukwangua ni ndefu. Khadijo alimweleza mambo yangu: kwamba niliota meno ya nyuma kwa homa, kwamba naogopa bata, kwamba silali bila kushika sikio la mtu. Mama alimweleza kuhusu wodi, vitanda ishirini, sindano kila asubuhi, na wale waliokuwa hawaamki. Siku moja alimuuliza lile lililokuwa likimsumbua.

"Mama Farah, kwa nini ulimchukua? Watu wengine walikuwa wanapita mbali na mlango wetu. Ulikuwa hunijui."

Khadijo alifikiri, kama mtu ambaye hakuwahi kuulizwa. "Mtoto alikuwa analia," alisema. "Ningefanya nini?"

Na mimi nilikuwa nazunguka pale. Mwanzo nilikaa mbali. Halafu nikaanza kuokota vipande vya rangi na kumpelekea huyu mama mgeni, kimoja kimoja, naviweka kwenye paja lake na kukimbia. Sikuwa na jina la kumwita, kwa hiyo nikampa moja. "Rangi!" nilikuwa nasema akitokea langoni asubuhi. "Rangi amekuja!"

Wiki ya pili milango ilirudishwa, imara, laini kama yai. Mama akataka kufunga makopo. Khadijo akasema, "Lakini ndani ya rafu bado ni nyeusi." Mama akapaka ndani. Khadijo akasema, "Kingo za kijani ni nyembamba, zile za Njoro zilikuwa nene kidogo." Mama akazirudia. Ikawa droo. Ikawa miguu ya meza. Kipazia cha maua kilishonwa, kikafumuliwa, kikashonwa tena kwa sababu Khadijo alisema pindo limekwenda upande, na mama hakuona upande wowote. Alianza kuchoka na kukasirika. Alidhani mwanamke huyu ambaye hakutaka kitu kumbe anataka vyote.

Masinde alipita Ijumaa moja, akatazama jiko, akapiga mluzi. "Shemeji, hii kazi imeisha tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Bado unapaka nini?"

Mama alibaki na brashi mkononi. Masinde alipoondoka alimgeukia Khadijo, aliyekuwa akichuja maziwa.

"Mama Farah, ulikuwa unajua imeisha?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Khadijo hakuacha kuchuja. "Mimi nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote," alisema. "Ndama akitengana na mama yake muda mrefu, akimsahau, huwezi kumvuta kwa kamba. Unawaweka boma moja, unawaacha. Siku moja unakuta ananyonya." Akafunika sufuria. "Mtoto ni wako. Alikuwa wako hata siku ile amelia akatapika. Lakini ungemchukua siku ile, angelia kwako usiku wote, na wewe ungeanza kunichukia. Sikutaka unichukie."

Mama aliniambia alikuwa hajui shukrani inaweza kuuma hivyo. Aliweka brashi kwenye tapentaini, akaenda akampigia magoti mwanamke yule, na Khadijo akamwinua haraka kwa kwapa, akimwambia sakafu ina rangi mbichi.

Mama alirudi kesho yake hata bila kazi. Na keshokutwa. Siku hiyo alikuwa juu ya stuli akifunga vishikio vyeupe, ambavyo baba alikuwa amevileta jana yake kutoka duka la Mhindi Kisumu. Nilisimama chini nikimtazama. Khadijo alikuwa uani na wateja wa maziwa. Mama alisema nilivuta upindo wa gauni lake mara mbili.

"Mama Rangi," nikasema. "Nibebe."

Alishuka taratibu, asije akanishtua. Akanibeba. Nikamshika sikio, kama ilivyokuwa desturi yangu, nikalala begani kwake pale pale mchana kweupe. Hakuthubutu kuketi. Alisimama katikati ya jiko lile la krimu na kijani karibu saa nzima, mpaka mkono ukafa ganzi. Khadijo aliingia, akatuona, akarudi nje kimya na mtungi wake.

Jioni ile nilikwenda landi mgongoni kwa mama yangu, nimefungwa kwa shuka la Khadijo. Usiku niliamka mara moja nikamwita Hooyo, mama akanipa sikio lake, nikalala.

Jumapili iliyofuata kanisani, wakati wa watu kutoa shukrani, mama alisimama nami mkononi. Alishukuru kwa dawa na kwa madaktari. Alishukuru kwa Dalmas, aliyekuja hospitali kila mwezi akiwa bado na masizi usoni. Halafu akasema, "Na kuna mama mmoja Mwislamu, Bondeni," akashindwa kuendelea. Watu walingoja. Mwishowe mzee mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo, na kanisa lote likamwimbia mpaka alipoweza kuketi.

Niliendelea kumwita Mama Rangi mpaka nilipoanza shule, hata mbele ya mwalimu. Hakunikataza hata siku moja. Alisema kuna watu wengi wanaoitwa mama tu, lakini jina hilo la Mama Rangi yeye alilipata kwa kazi.