Kiganja Chini ya Nyundo

Balozi hakuamka siku ile akiwa na nia ya kugombana na shemeji yake mbele ya dunia nzima. Lakini alipofika kwenye Baraza la kimataifa akakuta mataifa matatu makubwa yameshapika, faraghani, azimio la kuikabidhi bandari ya nchi yake kwa wasimamizi wa kigeni, damu ilimchemka.

Mwenyekiti wa Baraza ndiye huyo shemeji, raia wa nchi jirani, mume wa mdogo wake. Wakubwa walimpa kiti kwa kuwa hajui kukataa.

Balozi akambana kwenye korido. "Shemeji, hapa tunaamua kwa kauli moja. Mimi napinga. Utanipa nafasi niseme?"

"Usinitie matatani, shemeji. Mambo yameshakwisha."

"Yamekwishia wapi? Mimi sikuwepo."

"Ndiyo maana yamekwisha."

Ukumbini, mwenyekiti alisoma azimio mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Balozi akabonyeza kipaza sauti, kimezimwa. Akainua kibao cha nchi yake. Mwenyekiti akajitia kuangalia dari.

"Hakuna pingamizi," akasema, akanyanyua nyundo.

Balozi alikuwa ameshapanda jukwaani. Akatandaza kiganja chake palepale nyundo inapogonga.

"Shemeji, toa mkono," mwenyekiti akanong'ona.

"Piga."

"Unaniaibisha mbele za watu!"

"Piga, kisha ukamweleze mdogo wangu ni nani aliyekuruhusu kunivunja vidole."

Mjumbe wa taifa kubwa kuliko yote akatazama saa yake, akasema kwa uchovu, "Mwenyekiti, meza ni pana."

Mwenyekiti akagonga pembeni. Azimio likapita, na walinzi wakamtoa Balozi nje wamemshika makwapani. Wajumbe wa nchi ndogo ndogo, waliomwahidi asubuhi kwamba wako naye, walikuwa wameinamia simu zao.

Yake nayo ikaita. Alikuwa waziri wake.

"Nani alikutuma kufanya vituko?"

"Nchi, mheshimiwa."

"Nchi ni mimi. Na mimi nimeshakubaliana nao. Fungasha virago, rudi."

Balozi alikaa kwenye ngazi za nje. Kumbe aliuzwa kwao kabla ya kuuzwa ugenini.

Wasimamizi walipoingia bandarini, mdogo wake alimpigia. "Dada, mume wangu anasema ulimdhalilisha. Mwombe radhi yaishe."

"Na wewe unasemaje?"

"Ana cheo, dada. Tuna watoto."

Balozi akakata simu.