Mlango wa Kina Skarap

Asubuhi za Agosti mji wetu huamka ukiwa umefunikwa na pumzi ya mashimo. Machimbo yalijaa maji zamani, na maji yale meusi hutoa ukungu unaopanda taratibu mpaka mtaa wa juu, ukapenya chini ya milango, ukalala juu ya mapaa ambayo mawe yake yalichongwa na mababu zetu. Siku ya Mtakatifu Roko ukungu huwa mzito zaidi. Au labda ni sisi tunaotaka uwe mzito, ili sanamu itokee kama mtu anayerudi kutoka safari ya mbali.

Siku hiyo milango yote hufungwa. Wanaume kumi na wawili humbeba Roko na mbwa wake wa mbao, bendi ya matarumbeta nyuma yao, na mbele kabisa huenda mwitaji. Akifika kwenye nyumba huliita jina la ukoo kwa sauti ndefu, kisha huongeza shairi fupi alilotungia nyumba hiyo. Walio ndani hujibu, “Tupo,” ndipo mlango unafunguka na wanatoka na rihani mikononi. Mlango usiojibu, Roko huupita, na harudi nyuma mpaka mwaka mwingine.

Mwaka ule mwitaji nilikuwa mimi. Baba Mkubwa Gaetano, aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini, alipasuliwa koo wakati wa baridi akabaki na mnong’ono tu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nilitunga mashairi bila kufundishwa na mtu, na nilijua kabisa kwamba hakuna kifua kingine mjini kinachoiweza.

Bibi Incoronata alikuwa na miaka tisini na mmoja. Daktari alikuwa amemwambia mama, mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba hatafika Krismasi. Bibi alisikia, maana masikio yake hayakuzeeka, na hakusema lolote ila kwamba aamshwe mapema siku ya Roko. Alikuwa ameitwa nje ya mlango ule mara sabini na moja, tangu alipoingia bi harusi. Alitaka kuitwa mara moja zaidi. Alikuwa halali vizuri, hali vizuri, lakini hilo alilitaka kama mtoto anavyotaka maji.

Sasa niseme kosa langu. Kwenye karatasi jina letu ni Sciarappa. Sisi wa huku Pennsylvania, tangu babu wa baba yangu aliposhuka melini, tunasema Skarap. Mwaka ule nilikuwa nimekaa miezi mitatu ng’ambo ya bahari, kule milimani, kijijini alikotoka, nikichuma zeituni na kulala juu ya zizi. Siku ya kwanza nilipojitambulisha ofisini, karani alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia hilo si jina, hiyo ni sauti ya kikombe kinachovunjika, jina ni Sharappa. Cheko lile lilinichoma, na likaendelea kunichoma kila usiku. Ni kweli alikuwepo bibi mmoja muuza maziwa ya mbuzi aliyekata mwisho wa majina kama sisi, lakini nilidhani ni kwa sababu hana meno.

Nikaapa nitarudi na majina ya mtaa mzima yakiwa yameoshwa. Niliandika kila nyumba na matamshi yake ya kweli, nikaenda kufanya mazoezi ukingoni mwa shimo la zamani. Maji yalinirudishia kila jina likiwa refu na zuri, kana kwamba kuna kijiji kingine chini kinachoitika.

Baba Mkubwa alinikuta huko. Alisikiliza majina matatu, akaweka mkono kooni kama afanyavyo akitaka kunong’ona, akaniuliza nani kanituma. Nikamjibu kwamba ukweli ndio ulionituma.

“Umekaa kwao miezi mitatu,” akasema, “umerudi mwenye nchi.”

Nilimhesabu kuwa mtu aliyepoteza sauti na sasa anaionea wivu ya mwenzake.

Siku ikafika. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba niliwasikia wabebaji wakihema kabla sijawaona. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Loretta, mjane wa muuza nyama. Mtaa mzima unamwita Loretta Falkochio. Nikavuta pumzi, nikaita, “Falkokkyo!” Sauti ilikwenda ikaviringika ukunguni vizuri kuliko nilivyoota. Nikatupa na shairi langu.

Kisha sauti ya Loretta ikatoka nyuma ya mlango, imetulia kabisa.

“Huyo hakai hapa. Jaribuni posta.”

Watu wakacheka. Nikaita tena vilevile, kwa nguvu zaidi. Ndani ikasikika redio ikiwashwa. Mbebaji wa mbele, ambaye bega lake lilikuwa limeanza kuwa jekundu, aliniomba nimalize ujinga wangu, akisema kwamba mbwa huyu peke yake ana uzito wa mke wake. Ningeweza kusema neno moja tu, nao mlango ungefunguka. Sikulisema. Nikainua mkono, na Roko akaupita mlango wa Loretta kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe.

Mtaani pale nyumba zilizofunguka zilifunguka kwa huruma, kwa sababu ya mtakatifu na si kwa sababu yangu. Tano, pamoja na ya Loretta, hazikufunguka kabisa. Bendi ilianza kupiga polepole, halafu ikawa inapiga ngoma tu. Nilitembea mbele na ukungu umenizunguka, na nilijiona kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wa mwingine, anayegonga nyumba za watu wasiomwota. Lakini bado nilikuwa na kiburi. Nikajiambia kwamba kwetu wataelewa.

Tukafika kwetu. Mlango wa kijani, ngazi tatu. Nilijua Bibi yuko nyuma yake tangu alfajiri, kwenye kiti, rihani mapajani. Nikaita “Sharappa!” kwa sauti yangu yote, nikaongeza:

“Ulitoka milimani, ukashuka machimboni,
leo Roko mlangoni, fungua, utoke ndani.”

Hakuna aliyejibu. Nikaita tena. Nikasikia mama akimbembeleza, akisema ni Nikandro huyo, mama, jibu tu. Nikasikia na fimbo ikigonga sakafu.

“Namsikia,” Bibi akasema. “Mwambie apite. Anamtafuta mtu mwingine.”

Nikapanda ngazi nikaweka kipaji cha uso kwenye mbao. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba hilo ndilo jina letu la kweli, Bibi, nimelifuata mpaka lilikozaliwa, kule wanatucheka kwa hili jingine.

“Waache wacheke,” akasema. Tulikuwa tumetenganishwa na ubao tu, nikasikia hata pumzi yake. “Mwaka wa pili wa ndoa yangu ukuta wa shimo ulimwangukia babu yako. Wanaume walisimama ukingoni wakaita. Kwa muda wa saa tatu, Nikandro. Hawakuwa na mashine. Wanaita, wananyamaza, wanasikiliza. Wanaita Skarap, wananyamaza. Nami nilikuwa hapo na mimba ya baba yako. Saa ya tatu akajibu kutoka chini ya mawe. Akasema, ‘Nipo.’ Wakachimba pale iliposikika sauti.” Akapumzika. “Hilo la kwako ni zuri. Lakini angelisikia kule chini angedhani wanamtafuta mwenzake.”

Hakuna aliyewahi kunisimulia. Niligeuka nikamtazama Baba Mkubwa Gaetano, yeye akatazama chini, na nikaelewa kwamba sauti ile aliyoipoteza ilikuwa ikiita kila mwaka kama walivyoita wale ukingoni, kwa matamshi ambayo mimi niliyaona kuwa uvivu wa ulimi.

Sikutubu yote. Jina la kule milimani bado nalipenda, na yule karani nikikutana naye leo tutagombana. Lakini nilishuka ngazi zote tatu, nikasimama mbali, pale ambapo mtu angesimama kama mbele yake kungekuwa na shimo. Shairi sikulirudia. Nikafumba macho.

“Skarap!”

Sauti ilitoka vibaya, ilikwaruza, ilivunjika mwishoni. Wanaume kumi na wawili wakanyamaza. Hata wapiga ngoma wakashika ngozi za ngoma zao kwa viganja. Tukasikiliza kama watu wanaosikiliza ardhi.

Kisha ikatoka, nyembamba, kana kwamba inatoka mbali zaidi ya chumba kile.

“Nipo.”

Mlango ukafunguka. Bibi alikuwa miguu mitupu, mama amemshika kwapani, na ukungu ukamwingia kwenye nywele mpaka hukujua nywele zinaishia wapi. Alimfikia Roko, akaweka rihani kwenye mguu wake wa mbao, akanishika sikio kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo.

“Umeruka milango mingapi?”

Nikamwambia mitano.

“Mgeuze.”

Mbebaji wa mbele akasema Roko hageuzwi, Mama Incoronata, haijawahi kutokea, na mabega yetu ni nyama kama ya watu wengine. Bibi akamwambia kwamba naye alikuwa na miaka tisini na mmoja bila viatu, basi waone nani atachoka kwanza.

Wakakoroma, wakalaani, mmoja akanilaani mimi kwa jina langu lote, lile la hapa. Kisha nikasikia mbao zikilia juu ya mabega, na mtakatifu akaanza kuzunguka polepole, mbwa wake akigeuka kutazama chini ya mtaa, kule ambako nyumba zilikuwa zimezama ukunguni na hakuna hata moja iliyoonekana. Bibi akanitegemea. Hakuwa na uzito wowote. Tukaanza kushuka mbele yao, hatua moja, tukapumzika, hatua nyingine, na nikawa nafungua mdomo kuyajaribu yale majina matano kimoyomoyo, kwa ulimi wa wenyewe.